Usiikimbie Kemia: Nilivyopitia Chuo cha Jamii Kwenda Kusomea Mazingira

Mama mdogo alinipigia kutoka Tanga mwaka 2017 kutaka kujua nasoma wapi. Nikamwambia niko chuo cha jamii, hapa hapa Sacramento. Akanyamaza kidogo, kisha: "Sasa chuo kikuu utaingia lini, mwanangu?" Simlaumu. Kwetu ukisikia mtu kaenda chuo cha kati, unajua pointi hazikutosha. Na hilo neno "jamii" ndilo lililoharibu zaidi, akadhani nasomea ustawi wa jamii. Bando lake lote liliishia kwenye maelezo yangu.

Nilimweleza hivi. California ina vyuo vya jamii zaidi ya mia moja, vya serikali. Unasoma pale masomo ya miaka miwili ya mwanzo ya shahada, halafu unahamia chuo kikuu ukaingie mwaka wa tatu. Cheti cha shahada kinatoka chuo kikuu, sawa na cha aliyeanzia hapo. Ada kwa mkazi wa jimbo ni dola 46 kwa yuniti, yaani kipimo cha uzito wa kozi, na kozi nyingi ni yuniti 3 hadi 5. Mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa hata hizo. Kwenye Chuo Kikuu cha California, wakati ule, mkazi alilipa zaidi ya dola 13,000 kwa mwaka kabla hajala wala kulala.

Ila uwe mkazi kweli. Mimi niliingia kwa bahati nasibu ya grinikadi, na ili nihesabiwe mkazi ilibidi nikae mwaka mmoja na siku moja kwanza. Mwaka huo nilibeba boksi, na hapa simaanishi ule usemi wa vijiweni, yalikuwa maboksi hasa, kwenye ghala, zamu ya usiku. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi hesabu zake ni nyingine kabisa: analipa mara kadhaa ya bei hiyo kwa kila yuniti, na kila muhula lazima achukue yuniti zisizopungua 12. Usichukue bajeti yangu ukaifanya yako.

Sasa kosa langu.

Kidato cha tano na sita nilisoma HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza. Kemia niliachana nayo kidato cha nne, kwa furaha, na kwa utaratibu wetu ukishaachana nayo hivyo mlango wa sayansi umefungwa. Chuo cha jamii hakikuniuliza habari za kombi. Kilinipima hisabati, kikaniambia anzia hapa, twende. Hiyo ndiyo heri kubwa ya mahali pale, na ndiyo iliyonipumbaza. Nikadhani kwa kuwa mlango uko wazi basi naweza kuingia siku yoyote. Mwaka wa kwanza nikachukua utangulizi wa mazingira, jiografia, sosholojia, na historia ya filamu. Ndiyo, historia ya filamu, na nilipata A. Mshauri wa masomo aliyenipokea alikuwa na dakika kumi na tano na foleni mlangoni. Akasema maliza kwanza masomo ya jumla, sayansi zitafuata.

Sayansi hazifuati hivyo. Sayansi ya mazingira ikiwa shahada hasa, siyo kupenda miti tu, inataka kemia mihula miwili, biolojia, kalkulasi, takwimu, na mara nyingi fizikia. Na haya masomo yameshikana mikia. Kemia ya kwanza haikupokei mpaka aljebra imekaa sawa. Kemia ya pili inataka ya kwanza. Biolojia ya wanasayansi pale kwetu nayo ilitaka kemia. Huwezi kuyabana yote kwenye mwaka mmoja hata ukiacha kulala. Nilipokuja kulifahamu hilo nilikuwa tayari na yuniti 30, nusu ya 60 zinazotakiwa kuhama, na hakuna hata moja ya maabara ya kemia. Nilipanga miaka miwili, nikakaa mitatu.

Kwa hiyo wiki ya kwanza kabisa fungua tovuti ya ASSIST. Ni ya vyuo vya serikali vya California, bure. Unaweka chuo ulichopo, chuo kikuu unachokitaka na shahada yenyewe, inakuonyesha kozi gani ya hapa inasimama badala ya ipi ya kule. Ichapishe, uende nayo kwa mshauri, muipitie mstari kwa mstari. Mshauri anawaona watu wa uuguzi, uhasibu na uchomeleaji kwa siku moja. Hawezi kujua kwa kichwa kila kitu.

Na kemia yenyewe? Niliiogopa bure. Darasa letu lilikuwa na watu wasiofika thelathini, na mwalimu alijua jina langu kufikia wiki ya pili, akilitamka vibaya lakini alilijua. Kitu kilichonifungua macho kilikuwa maji ya Mto American. Tulikwenda kuyachota chini ya Bwawa la Nimbus, tukarudi maabara kupima oksijeni iliyoyeyuka ndani yake: unatia kemikali zake, unaongeza wanga kidogo, maji yanakuwa bluu, kisha unadondosha dawa ya mwisho tone kwa tone mpaka bluu ipotee ghafla. Tone moja likizidi umeharibu, rudia. Mwalimu akauliza kwa nini samoni wanahitaji maji baridi, na kwa mara ya kwanza nikajibu kwa kemia wala si kwa maelezo ya jiografia: maji baridi hushika oksijeni nyingi zaidi. Bwawa lile lilikamilika 1955, likawafungia samoni njia ya kupanda juu kutaga, ndiyo maana kando yake kuna kituo cha kuzalisha samaki. Novemba utawakuta wanaruka ngazi za maji kuingia humo. Nilisimama pale nikakumbuka ile HGL yangu. Habari za mabwawa nilikuwa nazijua, niliandika insha ngapi. Sikuwahi kujua kinachoendelea ndani ya maji yenyewe.

Tarehe nazo zinaua watu. Baadhi ya vyuo vya mtandao wa Chuo Kikuu cha California, sita kwa jumla, hutoa ahadi ya nafasi kwa mwanafunzi wa chuo cha jamii anayetimiza masharti. Davis, nilikokwenda mimi, imo. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Ombi la ahadi hiyo hupelekwa Septemba, na mimi nililipeleka Septemba 2018. Ombi kamili lilifungwa 30 Novemba, na ndani yake anayehamia ana swali moja la lazima, kisha anachagua matatu kati ya saba, kila jibu lisizidi maneno 350.

Novemba hiyo ndiyo ulipowaka moto wa msitu ulioteketeza mji wa Paradise, kaskazini yetu, uliosababisha vifo vya watu 85. Moshi ukashuka Sacramento, kipimo cha uchafu wa hewa kikapita 200, vyuo vya eneo letu vikafunga. Nikakaa ndani na taulo chini ya mlango nikiandika majibu yangu. Nilikuwa na rasimu nzuri kuhusu "kuokoa dunia". Nikaitupa. Nikaandika kuhusu jiko la mkaa la mama, kikohozi chake cha asubuhi, na chembe za moshi ndogo kuliko mikromita 2.5 zinazoingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, ziwe za msitu wa California au za mkaa wa Tanga. Ukifika hapo, andika unachokijua kwa pua yako mwenyewe.

Davis nilianza 2019, na nilipigwa. Chuo cha jamii kilikwenda kwa mihula mirefu, Davis inakwenda kwa vipindi vya wiki 10. Wiki ya nne nikakuta mtihani wakati bado natafuta jengo. Ukumbi mmoja una watu mia tatu. Zile A zako za zamani zimeshakuingiza, kazi yake imeisha, wastani unaanza upya. Nilipata C yangu ya kwanza. Isitoshe una miaka miwili tu pale, wenzako wana minne, kwa hiyo kama unataka kufanya kazi kwenye maabara ya profesa, mwone mwezi wa kwanza, usingoje uzoee.

Mwisho, darasa la kemia likijaa, na litajaa, usifunge kompyuta ukaenda kuchukua filamu kama mimi. Jiandikishe kwenye orodha ya kusubiri, na siku ya kwanza nenda ukakae, hata kwa kusimama ukutani. Asiyetokea siku hiyo mara nyingi hufutwa. Nilipokuja kujifunza hilo, nilikuwa wa tano kwenye orodha, watu sita hawakutokea, na kiti nilichopewa kilikuwa kile cha mbele kabisa, karibu na sinki.