Chotara wana uzito, mbona nyama ni kavu?

SWALI: Mhariri, niko Isinya. Nilipandisha ng'ombe wangu wa Boran kwa mbegu ya Charolais, ng'ombe wa nyama wa Ufaransa, na maksai wawili wa kwanza nimewachinja wakiwa na miezi 20, wamekula nyasi tu. Mizani ilinifurahisha. Lakini mwenye mkahawa mmoja wa Nairobi analalamika kuwa steki ni kavu na ngumu. Nibadilishe mbegu?

JIBU: Usikimbilie kuibadilisha, ndugu. Nguvu ya chotara, yaani ile ziada anayopata ndama juu ya wastani wa wazazi wake, huonekana zaidi kwenye uzazi, uhai wa ndama na kasi ya kukua. Kwenye ubora wa nyama ni kidogo sana. Hapo ndama huangukia katikati ya wazazi wake.

Ukavu kwanza. Charolais ana mwili mkubwa na hukomaa kwa kuchelewa: hujenga misuli kwanza, mafuta baadaye. Wako amechinjwa kabla hajayafikia mafuta. Kata kipande cha mgongoni ukitazame: ni chekundu kitupu, hakina michirizi myeupe ya mafuta ndani. Ng'ombe aina ya Angus na Hereford huweka michirizi hiyo mapema, wakiwa na uzito mdogo. Kwa hiyo anayeuzia hoteli achukue Angus. Anayeuzia bucha kwa kilo abaki na Charolais, maana bucha nyingi hazilipii michirizi. Ukitaka kubaki na mbegu yako, wafungie miezi mitatu ya mwisho kwa pumba za mahindi, mashudu na molasi. Ongeza chakula hicho polepole kwa wiki mbili au tatu, la sivyo tumbo litajaa asidi na mnyama ataacha kula.

Ugumu una chanzo kingine. Ng'ombe wa nundu, Boran akiwemo, wana kalpastatini nyingi, protini inayozuia vimeng'enya vinavyolainisha nyama baada ya kuchinja. Kuchanganya damu hupunguza tatizo, hakuliondoi. Kinachosaidia ni muda: nyama ining'inie kwenye nyuzi 0 hadi 4 kwa siku 10 hadi 14. Nyama iliyochinjwa usiku, asubuhi ikawa buchani na mchana jikoni, haiokolewi na mbegu yoyote.

Ila msiukimbize mzoga kwenye baridi kali. Nyama ikishuka chini ya nyuzi 10 huku pH (kipimo cha asidi; ikipungua, asidi imeongezeka) bado iko juu ya 6, misuli hujikunja na steki hukaza. Mizoga kama ya maksai wako, isiyo na tabaka la mafuta juu, hupoa upesi kuliko mingine, kwa hiyo ndiyo huumia zaidi. Muulize mwenye chumba cha baridi anaiingiza baada ya saa ngapi tangu kuchinjwa.

SWALI: Naweza kumtumia fahali chotara niliyemzalisha mwenyewe kwa mitamba chotara?

JIBU: Unaweza, ila ndama watabaki na kama nusu tu ya ile nguvu ya chotara, na watatofautiana sana: mmoja mnene, mwingine mrefu mwembamba. Mnunuzi wa hoteli hapendi hivyo. Na Charolais safi usimpandishe mtamba anayezaa kwa mara ya kwanza, ndama hukwama wakati wa kuzaliwa.