Ikiwasha Ndiyo Inafanya Kazi?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ni imani gani ya urembo inayowaponza watu wengi, na ukweli wake ni upi?" Wengi watataja ile ya kwamba kunyoa huzidisha ndevu. Ni uongo, lakini hauumizi mtu: wembe hukata unywele kwenye shina, ncha inabaki butu, ukiipapasa inachoma kama bua, basi. Mzizi uko chini ya ngozi na hauna habari. Mimi nachagua ile inayosemwa saluni kila Jumamosi, kuanzia Wandegeya jijini Kampala mpaka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda: "Vumilia kidogo nnyabo (bibie), ikiwasha ndiyo inashika."

Relaksa hunyoosha nywele kwa kuvunja viungo vya salfa vilivyo ndani ya unywele. Inavivunja kwa ukali wa alikali: pH yake (kipimo cha asidi na alikali) ni 12 hadi 14, ilhali ngozi ya kichwa iko karibu na 5.5. Unywele hauna neva, hausikii chochote. Kinachosikia ni ngozi. Kwa hiyo moto unakupa taarifa moja tu: dawa imepenya mafuta ya kinga na sasa inakula ngozi. Kama nywele zimenyooka au bado, moto hausemi. Na msidanganywe na boksi lenye picha ya mtoto anayecheka, wala zile zenye hidroksidi ya kalsiamu badala ya ya sodiamu. Zote zinaunguza.

Mara nyingi kosa hufanyika kabla mteja hajakalia kiti. Asubuhi amefumua rasta, amejikuna kwa ncha ya kitana, ameosha kichwa ili asimwaibishe msusi, mchana anapakwa dawa. Mafuta ya asili yameondoka na mikwaruzo iko wazi. Usioshe wala kukuna kwa siku 3 kabla ya dawa, na ukifumua rasta pumzisha kichwa wiki nzima. Penye kidonda au upele, dawa isipakwe kabisa.

Siku yenyewe, Vaseline ipakwe kila mstari wa ngozi unapogawanya nywele, halafu kuzunguka paji, masikio na kisogo. Dawa iende kwenye nywele mpya tu, yaani sentimita 2 au 3 zilizoota tangu mara ya mwisho, kama miezi 2 au 3. Ikishuka hadi kwenye zilizokwisha kunyooshwa, hukatika hapohapo panapokutana mpya na za zamani. Nywele za pembeni mwa uso ni laini na huiva haraka, zipakwe mwisho. Dakika zilizoandikwa kwenye boksi zihesabiwe kwa saa, si kwa uso wa mteja. Akisema "inaniwasha," osha mara moja kwa maji ya vuguvugu, hata kama upande mmoja haujanyooka. Kisha tumia shampuu ya kuzima dawa, rudia mara 2 au 3. Zile zenye rangi ya kipimo hutoa povu la pinki alikali ikiwa bado imo. Endelea mpaka povu liwe jeupe. Usikamulie ndimu penye kidonda eti izime dawa. Hapo unaongeza kidonda juu ya kidonda.

Kwa kinyozi imani ni ileile, ila kwa spiriti. Kidevu kimejaa vipele, kinapakwa spiriti, mwenyewe anakunja uso na kuridhika. Vipele hivyo kwa kawaida havitokani na uchafu. Ndevu zetu zimejikunja. Ukizikata chini sana, ncha iliyokatwa hurudi na kuchoma ngozi siku chache baadaye. Spiriti haiwezi kuunyoosha unywele uliokwishaingia, inakausha ngozi tu. Mwambie kinyozi asivute ngozi, afuate uelekeo wa ndevu, na aache kama milimita 1. Spiriti ni ya mashine. Aondoe kwanza nywele na mafuta kwenye meno kwa brashi, aloweshe kwa spiriti ya asilimia 70, kisha aache ikauke yenyewe. Lile sanduku la taa ya bluu la kuulia vijidudu haliui kitu kilichofichwa chini ya uchafu, na choa hujificha hapo. (Waragi, pombe yetu kali, kwa wanaouliza, ni asilimia 40 hivi. Haitoshi.)

Ndimu usoni ni hatari zaidi hapa kwetu, karibu na ikweta. Ina asidi ya pH 2 hivi, na ina kemikali zinazoamshwa na jua. Unapaka asubuhi kuondoa doa, unatembea juani hadi soko la Owino, siku 1 au 2 baadaye unapata wekundu au malengelenge, kisha doa jeusi kubwa kuliko lile la kwanza, nalo hukaa miezi.

Rasta zinazovuta mpaka unameza panadol ulale? Zifumuliwe usiku huohuo. Vipele vyeupe kwenye paji ni vinyweleo vilivyovimba kwa kuvutwa.

Upande wa pili, kutowasha nako si ushahidi. Moo yao, yaani mafuta ya shea ya Acholi na Lango, haiwashi kabisa na wengine wanaidharau kwa hilo, ingawa inazuia maji yasitoke kwenye ngozi vizuri sana (kuotesha nywele haioteshi). Lakini krimu ya kung'arisha yenye zebaki pia inaweza kupakwa miezi bila kuwasha, huku ikiharibu figo. Yenye steroidi hata hutuliza mwasho, ndiyo maana watu huipenda, na huku inakondesha ngozi mpaka mishipa inaonekana. UNBS, shirika la viwango la Uganda, imepiga marufuku zebaki na haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) katika vipodozi, bado zinapenya sokoni. Soma boksi: ukiona "mercury" au "calomel" (zebaki), "clobetasol" au "betamethasone" (steroidi), rudisha. Isiyoonyesha viambato kabisa, rudisha pia. Na aliyekwisha kupaka yenye steroidi kwa miezi asiiache ghafla; uso huweza kuvimba na kuwaka kuliko mwanzo. Aende kwa daktari wa ngozi na kopo lenyewe mkononi.