Kata jani kwanza: vitunguu mwitu viwili vinavyochanganya watu

Mashariki ya Marekani, baridi ikianza kupungua, utaviona vikichomoza juu ya nyasi kabla nyasi zenyewe hazijaamka. Ukivikanyaga, harufu inakufikia puani. Watu wengi huviita vyote vitunguu mwitu na kuvichuma ovyo. Mimi huvitenganisha, maana jikoni haviko sawa hata kidogo.

Kimoja ni Allium canadense, mwenyeji wa Amerika Kaskazini. Kingine ni Allium vineale, mgeni aliyetoka Ulaya. Usingoje maua. Kata jani kwa kucha, utazame pale lilipokatika: la vineale ni la mviringo na lina uwazi ndani kama mrija, ukilibinya linabonyea, la canadense ni bapa na limejaa. Ukiwa bado na shaka, chimbua. Tunguu la canadense limevaa nyuzi zilizofumana, la vineale lina ngozi nyembamba inayobanduka. Vile vitunguu vidogo vinavyoota kichwani visikudanganye, vyote viwili huwa navyo.

Kwa chakula nachagua canadense, jani na tunguu. Vineale ikishakomaa hutafunika kwa shida na ukali wake hauondoki mdomoni. Nachukua majani machanga tu, nayakatakata juu ya mayai. Wakulima wa ngano wana haki ya kuichukia: vitunguu vya kichwani huvunwa pamoja na nafaka, unga ukanuka saumu. Ng'ombe akiila, maziwa nayo yananuka. Na ukitaka kuiondoa bustanini usiivute tu. Chini huacha vichipukizi vyenye ganda gumu vinavyoweza kulala udongoni miaka kadhaa kabla ya kuota. Chimbua na udongo wake.

La kuogopa zaidi ni mimea yenye sumu inayofanana navyo. Ornithogalum umbellatum huota mle mle uwanjani. Jani lake lina mstari mweupe katikati, wala halinuki kitunguu. Shida ni kwamba ukishachuma kidogo, vidole vinanuka, na kila utakachoshika kitaonekana kitunguu. Kwa hiyo sichumi kwa mafungu. Nachuma jani moja moja, na mikono ikishachafuka nampa mwenzangu ambaye hajagusa kitu alivunje na kulinusa yeye.