Nimemaliza kemo, mbona nanenepa?

Shangazi shikamoo. Nimemaliza kemo ya saratani ya titi juzi juzi, nilidhani nitabaki mifupa kumbe nimeongeza kilo 9, hata dera linanibana, na majirani huku Kisauni wanauliza "kwani si ulikuwa mgonjwa wewe?" Sasa chakula cha usiku nimeacha. Nakosea wapi?
– Mama wawili, Kisauni

Marahaba mwanangu. Hujakosea, na hao majirani wapotezee tu. Zile steroidi unazopewa pamoja na kemo kuzuia kutapika zinafungua njaa na kuzuia maji mwilini, halafu kemo yenyewe yaweza kukatisha hedhi kabla ya wakati, ongeza ule uchovu wa kulala mchana kutwa, misuli inapungua mafuta yanajaa. Kwa saratani ya titi wengi hunenepa, ni vile watu wamezoea kuona mgonjwa amekonda.

Kuruka chakula acha, mwili bado unajijenga. Kula samaki, kunde, mchicha, lakini mahamri na viazi karai viwe vya siku moja moja (najua, hata mimi chai bila mahamri naona adhabu). Jioni jua likipoa katembee, dakika 10 zatosha kuanzia. Na usiache dawa yoyote ati inanenepesha kabla hujaongea na daktari wako.

Ila mguu mmoja ukifura ghafla au pumzi ikikata, hapo si unene tena, kimbia hospitali saa hiyo hiyo, yaweza kuwa damu imeganda.