Maswali na Majibu: Milinganisho Katika Mtihani wa Ufahamu

Nilisikia maswali ya milinganisho yalifutwa. Mbona bado nayakuta?

Iliyofutwa ni milinganisho ya jozi za maneno (neno hili kwa lile ni kama lipi kwa lipi): SAT, mtihani wa kujiunga na vyuo vikuu vya Marekani, iliiacha mwaka 2005; GRE, wa masomo ya uzamili, mwaka 2011. Ya ufahamu ingalipo, hasa katika LSAT, mtihani wa kujiunga na vyuo vya sheria. Unaulizwa ni hali ipi inayofanana zaidi na ile iliyoelezwa kwenye kifungu.

Majibu yote yanahusu mambo mageni kabisa. Nianzie wapi?

Usianze na majibu. Rudi kwenye kifungu, usome sehemu iliyotajwa pamoja na sentensi moja au mbili za kabla na baada yake, kisha andika uhusiano uliomo kwa sentensi moja isiyotaja vitu vyenyewe.

Tuseme dawa ya wadudu ilipigwa marufuku ili kulinda ndege; wadudu wakazidi, wakamaliza vichaka ambamo ndege hao hutaga, na ndege wakapungua. Sentensi yako: hatua ya kulinda kitu ikakidhuru kitu kile kile.

Sasa pima. "Wakulima waliacha dawa, ndege wakaongezeka" ni mtego: mada ni ya kifungu, matokeo yamegeuka. "Duka lilipunguza bei lakini wateja hawakuongezeka": hatua imeshindwa tu, haikudhuru. "Mioto midogo ilizimwa kila mara ili kuokoa miti, majani makavu yakarundikana, moto mkubwa ukaiteketeza": hilo ndilo, ingawa halina ndege wala dawa.

Mara nyingi nabaki na majibu mawili.

Basi sentensi yako ni pana mno. Iongezee nia ya mhusika, au kipi kilisababisha kipi, au kiasi: "baadhi" si "wote", "huenda" si "lazima". Kisha linganisha kipande kwa kipande. Kumbuka swali linasema "zaidi", kwa hiyo jibu sahihi laweza kupungukiwa na jambo dogo. Uhusiano mkuu ndio usiokosekana.

Yananila muda. Niyaruke?

Yaache yawe ya mwisho katika kifungu hicho, lakini usihame kifungu kabla ya kuyajibu. LSAT hutoa dakika 35 kwa seti nne za vifungu, na ukirudi baadaye utalazimika kusoma upya. Maswali yaliyotangulia, hasa la wazo kuu, huwa yamekwisha kukuonyesha muundo wa hoja.