Bunduki ya Jeshi Kuukuu: Kagua Chini ya Mbao Kabla Hujatoa Hela

Muuzaji atakuonyesha mbao kwanza. Zimepigwa msasa, zikapakwa mafuta, zinang'aa kama meza ya mgeni. Kazi hiyo ni ya jioni moja, na haisemi lolote kuhusu bunduki. Ubovu wa bunduki ya jeshi ya zamani hukaa kusikoonekana ikiwa imeegemezwa ukutani: mdomo wa mtutu, chemba inamokaa risasi, mahali bolti, lile komeo la chuma, inapojifungia, na chuma kilichofunikwa na mbao.

Lakini hata kabla ya chuma kuna karatasi. Tangu mwaka 2015 Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, na bunduki haihami mkono kwa makubaliano ya watu wawili chini ya mwembe. Andika namba ya bunduki, aina yake na kaliba yake, yaani kipenyo cha risasi yake, uende navyo kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya yako, iwe Sikonge, Urambo au Tabora mjini. Uliza mambo mawili: je, imesajiliwa kwa jina la huyu anayeuza? Na je, raia anaruhusiwa kupewa leseni ya aina hiyo? Namba ikiwa imepigwa tupa, imechomelewa au imegongwa upya juu ya nyingine, maongezi yaishe hapo hapo. Ukiambiwa bei ni nafuu kwa sababu mali "imetokea Kigoma, ng'ambo ya ziwa", chukua kofia yako uondoke. Mali ya namna hiyo ni kesi inayosubiri mtu wa kuibeba.

Jambo la pili ni risasi, na hapa wageni wengi hukosea kwa kununua bunduki kwanza. Ulizia kwenye duka lenye leseni kama kaliba hiyo ipo na kama huletwa mara kwa mara. Kwa mawindo utahitaji risasi yenye ncha laini. Ile ya kijeshi iliyofunikwa shaba mpaka puani hupenya mnyama ikatokea upande wa pili, mnyama akakimbia kilomita nyingi na jeraha. Na anayewaza nyati aiache .303 nyumbani, maana kwa nyati wawindaji huanzia .375.

Sasa ijue iliyo mbele yako. Zinazotajwa sana ni Lee-Enfield ya Mwingereza, ya .303, na Mauser 98 ya Mjerumani, ya milimita 7.92. Kwenye Lee-Enfield No. 4 namba iko ubavu wa kushoto, pale chuma kinapokutana na kitako, na namba ile ile inapaswa kuwa nyuma ya mkono wa bolti. Kwenye ile ya zamani zaidi, No. 1 Mk III, namba iko kulia, juu ya chemba. Mauser huwa na namba kamili kwenye chuma cha chemba na kwenye bolti, na tarakimu mbili za mwisho hurudiwa kwenye vipande vidogo. Bolti yenye namba tofauti imetoka kwenye bunduki nyingine. Huo si uhalifu, ila inabidi ipimwe upya kabla ya kupigwa hata risasi moja.

Tafuta herufi DP kwenye Lee-Enfield. Maana yake ilitengwa kwa mafunzo ya gwaride tu, mara nyingi kwa sababu ilishachoka. Usiridhike na kutazama kitako, kwa kuwa kitako hubadilishwa kwa dakika kumi. Tazama chuma cha chemba na bolti. Yenye alama EY ilitumika kurushia mabomu ya mkono, nayo iache. Ukiona Enfield ya India iliyoandikwa RFI 2A au 2A1, hiyo ilitengenezwa kwa risasi ya 7.62 ya NATO, si .303, hata kama sura ni ndugu.

Kwa Mauser kuna mtego wa kipenyo. Kabla ya 1905 risasi ya Mjerumani ilikuwa na unene wa takriban milimita 8.08, kisha ikaja nene ya milimita 8.20. Ukisukuma nene kwenye mtutu wa nyembamba, shinikizo hupanda kupita kiasi. Kwa hiyo mtutu upimwe, usikisiwe kwa jina. Na ile "ya babu, ya Mjerumani" inayotajwa vijijini mara nyingi si Mauser 98 kabisa. Vita vilipoanza 1914, askari wengi wa Wajerumani huku walikuwa bado na Mauser ya 1871, ya milimita 11, inayotumia baruti nyeusi yenye moshi. Tabora ilipoangukia mikononi mwa Wabelgiji Septemba 1916 zilikuwa bado zinatumika. Haistahimili baruti ya kisasa. Ikiwa haina leseni, njia yake ni kituo cha polisi.

Ukaguzi wenyewe: toa magazini, fungua bolti, tazama chemba kwa macho, kisha ingiza kidole kidogo. Fanya hivyo kila inaporudi mkononi mwako, hata kama umeiweka mezani dakika moja tu.

Toa bolti nje. Omba kitambaa kikavu kipite mtutuni kwanza, maana mafuta mazito huziba mashimo ya kutu yakaonekana kama kioo. Weka karatasi nyeupe upande wa chemba, simama juani, uchungulie kutoka mdomoni. Mifereji inayozungusha risasi iwe na kingo kali. Enfield kwa kawaida ina mifereji 5 inayozunguka kushoto. Ukihesabu 2 usishtuke, No. 4 nyingi za wakati wa vita zilitengenezwa hivyo na hupiga vizuri. Mtutu mweusi wenye vishimo vidogo bado unaweza kulenga, ingawa utakusumbua kuusafisha. Kitu cha kukataa bila mjadala ni kivuli cha pete kinachozunguka mtutu ndani. Hiyo ni dalili kwamba risasi ilipigwa kukiwa na kizuizi, chuma kikavimba.

Mdomo wa mtutu huliwa na fimbo ya kusafishia kuliko unavyoliwa na risasi. Chukua risasi ya bandia, isiyo na baruti wala fataki (kile kiwashio cha kitakoni mwa ganda), itumbukize mdomoni kwa pua. Shaba ikiendelea kuonekana kati ya mdomo wa mtutu na shingo ya ganda, ni salama. Ikizama mpaka ganda liguse chuma, mdomo umepanuka, na shabaha ya mita 100 itatawanyika kama mbegu za kunyunyiza.

Kipimo ambacho huwezi kukibahatisha ni nafasi kati ya uso wa bolti na mahali ganda linapokaa. Ganda la .303 lina ukingo kitakoni, na nafasi hupimwa kwenye ukingo huo. Kiwango cha chini ni inchi 0.064, yaani milimita 1.63. Jeshi la Uingereza lilivumilia mpaka 0.074, ambayo ni milimita 1.88. Geji ni kipande cha chuma cha kupimia kinachoingizwa chemba. Geji ya chini iingie na bolti ifunge. Geji ya juu bolti ikatae. Ikifunga kwenye geji ya juu, ganda litanyooka kila unapopiga, mwisho likatike karibu na kitako chake. Nusu ya mbele itabaki chemba, na gesi moto itarudi usoni mwako. Uzuri wa No. 4 ni kwamba kichwa cha bolti hufunguliwa na kubadilishwa. Vipo vya namba 0, 1, 2 na 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia. Ukikuta tayari ina kichwa cha namba 3 na geji ya juu bado inaingia, hakuna dawa iliyobaki. No. 1 haina vichwa vya namba hizo, na Mauser haina kabisa, kwa hiyo kuzirekebisha ni kazi ya fundi silaha mwenye geji zake. Geji huna? Mlete yeye. Usipime kwa risasi hai, hata kwa dakika moja.

Kwenye No. 4 Mk I*, iliyotengenezwa Kanada na Marekani, tazama reli ya kulia kinapoteleza kichwa cha bolti. Kuna mkato wa kukitolea. Kingo za mkato huo huvunjika kidogo kidogo, na siku moja kichwa hutoka kwenye reli ukivuta bolti kwa nguvu. Mauser itazame masikio mawili ya mbele ya bolti: yasiwe na ufa wala kubonyea.

Triga ya kijeshi huvutwa hatua mbili, ya kwanza laini, ya pili nzito. Ikivutika kwa hatua moja nyepesi, kuna mtu aliipiga tupa. Funga usalama, vuta triga, achia, kisha fungua usalama: pini inayogonga fataki isianguke yenyewe. Ikiwa tupu, gonga kitako sakafuni, pini isianguke pia.

Mwombe muuzaji aondoe mbao ya juu ya mtutu. Akikataa, umeshajua. Kutu hukaa chini ya mstari wa mbao, hasa bunduki iliyopitisha masika kadhaa ndani ya ala ya ngozi. Tazama pia mbao inapokaa nyuma ya chuma cha chemba. Ikiwa imelowa mafuta ikawa laini na nyeusi, chuma hurudi nyuma kila risasi, mbao hupasuka, na shabaha huhama bila sababu unayoiona.

Ukiridhika, ifanyiwe jaribio kwenye uwanja ulioruhusiwa, fundi akiwepo. Ndani ya bolti huwa na grisi ya ghala iliyoganda, na hiyo hupunguza mwendo wa pini mpaka fataki isiwake. Ioshwe kwanza kwa mafuta ya taa. Risasi za zamani za kijeshi nyingi zina fataki inayoacha chumvi mtutuni. Mafuta peke yake hayaiyeyushi chumvi hiyo. Mimina maji ya moto upande wa chemba, kausha, ndipo upake mafuta, jioni ile ile. Kati ya Novemba na Aprili Tabora, asubuhi utakuta rangi ya chungwa.

Piga risasi 5 na uokote maganda yote. Mstari unaong'aa unaozunguka ganda, kama sentimita moja juu ya ukingo, ni mwanzo wa kukatika. Fataki iliyotokeza nje ya kitako inasema nafasi ni kubwa. Salio la malipo libaki mfukoni mpaka maganda hayo matano yakaguliwe kwenye mwanga wa jua.