Maswali ya Wasomaji: Mkoba wa Kutch na Mkono Ulioudarizi

SWALI: Mheshimiwa mhariri, binti yangu anayesoma Ahmedabad ameniletea mkoba wa begani wenye vioo vidogo vidogo na tepe za rangi nyingi. Muuzaji alimwambia kwamba kila anunuaye mkoba wa namna hiyo anafufua ufundi wa kale wa Kihindi. Je, ni kweli, au ni maneno ya biashara tu? (Mama, Mombasa)

JIBU: Mama, huenda ikawa kweli kwa mkoba mmoja na uongo kwa mwingine uliotundikwa kando yake. Kwa jinsi ulivyoueleza, wako unafanana na kazi za Kutch, wilaya kame iliyo magharibi mwa jimbo la Gujarat, ambako wanawake wa Kirabari, jamii ya wafugaji, wamejulikana kwa darizi yao kwa vizazi vingi. Zamani darizi hiyo haikuwa ya kuuzwa. Binti alidarizi mwenyewe mavazi, mifuko na mapambo ya kuhamia nayo kwa mume, na kwa kuwa kazi hiyo ilichukua miaka, arusi nazo zilisubiri. Katika miaka ya 1990 wazee wa Dhebaria, mojawapo ya matawi ya Warabari, waliona ucheleweshaji umezidi, wakapiga marufuku darizi ya mkono kwa matumizi ya wenyewe.

Wanawake hawakukaa mikono mitupu. Walinunua tepe na lesi dukani, wakazipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio uleule wa rangi waliourithi, wakazishona, na mtindo huo ukaitwa hari jari. Mmoja wao, Pabiben Rabari wa kijiji cha Bhadroi, aliuhamishia kwenye mikoba ambayo leo inajulikana kwa jina lake, na kazi hiyo ikawapatia wanawake wengine ajira pia. Ninaupenda mfano huu kuliko hadithi za "ufundi wa maelfu ya miaka", kwa sababu wanawake hawa hawakufufua kitu cha kale kama kilivyokuwa: walibuni kipya kwa macho yaleyale yaliyofundishwa na mama zao, na fedha zikawafikia waliobuni.

Hata kabla ya hapo, biashara ilikwisha kuingia katika darizi ya Kutch. Mwaka 1969, wakati wa ukame, Chanda Shroff alikwenda katika kijiji cha Dhaneti kusaidia ugawaji wa chakula, akawakuta wanawake wasiopenda kupokea cha bure lakini waliovaa nguo zilizodariziwa kwa ustadi mkubwa. Aliwapa sari wazidarizi kwa malipo, na huo ndio mwanzo wa shirika la Shrujan.

Upande wa pili wa biashara hii haupendezi. Ziko pochi zilizokatwa kutoka kwenye vizibao na sketi kuukuu ambazo mtu alizidarizi kwa miezi mingi. Pochi sita hupatikana, kizibao kimoja hupotea, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyepewa sindano ili hizo pochi zipatikane. Siwezi kuuita ufufuaji, hata kama kila pochi ina kikaratasi kinachosema hivyo.

Sasa ugeuze mkoba wako ndani nje, ikiwa bitana yake inaruhusu. Kioo kilichowekwa kwa mkono hakina tundu wala gundi, bali hubanwa kwanza kwa nyuzi zinazokatizana juu yake, kisha mshono huzunguka ukingoni na kuzivuta nyuzi hizo pembeni. Upande wa nyuma utaona nyuzi zenye rangi zilezile za mbele. Ukikuta nyuma pametapakaa uzi mweupe mtupu, basi hiyo ni darizi ya mashine, na bei yake ingefaa kuwa ya mashine.

SWALI: Mimi ni fundi cherehani. Ninataka kushona pochi na skafu kwa ajrakh, kile kitambaa cha Kihindi kinachopigwa mihuri ya michoro na kutiwa rangi, lakini sokoni kila mtu anasema chake ndicho halisi. Nitakitambuaje? (Fundi, Kariakoo)

JIBU: Ajrakh ya Kutch hutengenezwa na mafundi wa ukoo wa Khatri, hasa katika vijiji vya Dhamadka na Ajrakhpur. Kitambaa hulowekwa katika mchanganyiko wa mafuta ya mbarika, magadi na samadi ya ngamia, hukaushwa na kufuliwa, ndipo kipigwe mihuri ya mbao iliyochongwa kwa mkono. Mistari myeupe hulindwa kwa chokaa na gundi ya mti. Weusi hutokana na chuma chakavu kilichovundikwa na sukari guru. Wekundu huletwa na shabu, ileile ambayo vinyozi wa zamani walikupaka baada ya wembe, kwa kuwa inafanya kitambaa kishike rangi kinapochemshwa pamoja na mizizi yenye rangi nyekundu. Buluu ni nili. Kila hatua inahitaji maji mengi na safi. Baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 26 Januari 2001, maji ya Dhamadka yalizidi madini ya chuma, rangi zikaharibika, na baadhi ya familia zikahamia karibu na mji wa Bhuj na kukianzisha hicho kijiji cha Ajrakhpur.

Tazama mahali muhuri mmoja unapokutana na mwingine: kazi ya mkono huwa na kupishana kidogo hapa na pale, ilhali ya kiwandani hurudia kosa lilelile kila baada ya kipimo kilekile. Usidanganywe na jaribio la kusugua kwa leso nyeupe, kwani nili halisi nayo huachia kidogo mwanzoni. Kitambaa kilichopigwa mihuri pande zote mbili kiwekee skafu. Ni hasara kukificha chini ya bitana. Kwa pochi, waulize wauzaji vipande vilivyobaki, na ukate kwa kuufuata ukingo wa mchoro ili nyota zisikatike vichwa.

SWALI: Ninayo kaniki ya marehemu bibi. Nimesikia kaniki zilitoka India. Je, niigeuze mkoba? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Umesikia sawa. Katika karne ya 19 kaniki, yaani pamba iliyotiwa nili, iliingia Zanzibar kwa wingi kutoka magharibi mwa India, na wafanyabiashara wa Kutch, kama Tharia Topan na nyumba ya Jairam Shivji iliyokodi ukusanyaji wa ushuru wa forodha, walikuwa na nguvu kubwa katika bandari hiyo. Ili kujua kama yako ni ya siku hizo au ni ya juzi, mwonyeshe kwanza mtu wa makumbusho. Hadi atakapokujibu, iache sandukuni, na usimpelekee fundi wetu wa Kariakoo.